Nimenunua darubini niione Zohali na pete zake, pete sizioni. Nimepigwa?

BabaAchi (Kisumu), 24/9/2025, saa 4:40 usiku

Wadau, habari za usiku. Kuna jambo linanikera hata usingizi umekataa.

Binti yangu yuko gredi ya sita. Tangu ile Jumapili ya tarehe 7, mwezi ulipopatwa ukawa mwekundu kama chungu kinachotoka motoni, sijapumzika. Kila jioni ni nyota, kila jioni ni sayari. Kitabuni mwake kuna picha ya Zohali imejaa ukurasa mzima, na pete zake. Akaniuliza, "Baba, hii iko kweli ama wamechora tu?" Nikamwambia iko, na nitakuonyesha kwa macho yako. Mdomo huo.

Mimi ni fundi simu, vitu vya lenzi siviogopi. Nikachanga, nikanunua darubini kwa muuzaji mmoja hapa mjini, shilingi 9,500. Sanduku limeandikwa "mara 525" kwa herufi kubwa nyekundu. Leo jioni tukapanda juu ya paa. Mwezi mchanga ulikuwa unashuka upande wa ziwa, tukaanza nao. Wee! Mashimo yalionekana hadi mtoto akapiga kelele, majirani wakatoka wakidhani kuna moto.

Kisha saa tatu tukageukia mashariki, Zohali. Nikafunga lenzi kali kabisa. Nikaona kitu cha manjano kinatetemeka kama kiini cha yai kwenye sufuria, kisha kikatoroka. Nikakitafuta dakika ishirini. Nilipobadilisha lenzi kikatulia: kadoa kadogo ka njano kenye kamstari kamepita katikati, kama ndimu iliyochomwa sindano. Achieng akaangalia sana, akaniambia, "Baba, hiyo si pete. Hiyo ni sindano."

Muuzaji anasema mali ikishatoka dukani hairudi. Nimepigwa?


Kondele_Ndani, 24/9/2025, saa 4:52 usiku

Umepigwa mzee. Tafuta mwingine umpige nayo.


BintiMenengai (Nakuru), 24/9/2025, saa 5:03 usiku

Msimkatishe tamaa. BabaAchi, kwenye bomba la darubini kuna karatasi yenye namba. Zisome utuambie. Na hiyo sindano ilikuwa imepita katikati sawasawa, ikatokeza pande zote mbili?


BabaAchi, 24/9/2025, saa 5:10 usiku

D=76mm, F=700mm. Ilikuja na lenzi tatu ndogo, 20, 12.5 na 4, na kijibomba kimeandikwa 3x. Sindano ndiyo, pande zote mbili, urefu sawa.


Mwalimu_Maseno, 25/9/2025, saa 12:20 asubuhi

BabaAchi, oyawore. Nimestaafu kufundisha fizikia lakini swali kama hili haliniachi ninywe chai.

Mwambie binti ameona vizuri kuliko wewe. Hiyo sindano ndiyo pete. Ameziona kwa ubavu.

Chukua sahani ya bati uliyolia ugali. Ikikutazama usoni ni duara. Sasa ilaze usawa wa macho yako: duara limekwisha, umebaki na ukingo, kamstari. Zohali imeinama, kama dunia yetu ilivyoinama, na pete zimefuata mwinamo huo. Inalizunguka jua kwa miaka 29 na nusu hivi, na katika mzunguko mmoja tunafika mara mbili mahali ambapo sahani iko usawa wa macho yetu. Mwaka huu ndio zamu yenyewe. Ilikuwa tarehe 23 Machi, lakini wakati huo sayari ilikuwa imejificha karibu na jua. Sasa hivi imetoka, inawaka usiku kucha, ila pete zimetuinamia kwa chini ya digrii 2. Novemba zitalala zaidi, chini ya nusu digrii, halafu zianze kufunguka.

Na ni nyembamba ajabu. Kutoka ukingo hadi ukingo ni zaidi ya kilomita 270,000, lakini unene sehemu nyingi ni makumi ya mita tu. Karatasi ya daftari ikitaka kuwa na uwiano huo, ingefunika uwanja wa mpira na shamba la jirani pia. Si bati wala mwamba mmoja, ni vipande vya barafu visivyohesabika, vingine kama vumbi, vingine kama nyumba, kila kimoja kinaizunguka sayari peke yake.

Usijione mjinga. Galileo aliitazama Zohali mwaka 1610 kwa darubini dhaifu kuliko hiyo yako, akadhani ni sayari tatu zimeshikana. Mwaka 1612 akarudi, akakuta zile mbili za pembeni hazipo. Alichanganyikiwa. Ulikuwa mwaka kama wetu. Dunia ikangoja hadi 1659 Christiaan Huygens alipochapisha maelezo kwamba ni pete nyembamba isiyoigusa sayari popote.

Mwakani miezi kama hii pete zitakuwa zimeanza kurudi. Mwaka 2032 zitakuwa wazi kabisa. Achieng atakuwa na miaka mingapi?


BabaAchi, 25/9/2025, saa 1:05 asubuhi

Kumi na minane! Mwalimu, nimemsomea akinywa uji. Ameenda shule na ile sahani kwenye mkoba.


BintiMenengai, 25/9/2025, saa 1:30 asubuhi

Sasa tuje kwa ile 525, maana hapo ndipo ulipochezwa kidogo.

Hesabu yake ni rahisi. Gawanya 700 kwa namba ya lenzi. Lenzi ya 20 inakupa mara 35. Ya 12.5 inakupa 56. Ya 4 inakupa 175, na ukiweka kile kijibomba cha mara tatu unapata 525. Kwa hiyo hawakudanganya hesabu. Walichoficha ni kwamba kioo cha milimita 76 hakina nuru ya kulisha ukuzaji huo. Darubini kazi yake ya kwanza ni kukusanya nuru, kama karai linavyokinga mvua. Karai dogo halijazi pipa hata ukilikodolea macho. Kwa kioo chako ukivuka mara 150 unakuza ukungu. Ndiyo maana ulipata yai sufuriani.

Tumia ya 20 kutafutia, ya 12.5 kutazamia. Ya 4 mpe Achieng achezee, na kijibomba chake.

Na kile kijidarubini kidogo cha juu, cha kulengea, kirekebishe mchana. Elekeza darubini kwenye mlingoti wa simu kule vilima vya Riat, uuweke katikati ya lenzi kubwa, halafu zungusha skrubu za kile kidogo hadi nacho kiwe kwenye ncha ya mlingoti uleule. Zile dakika ishirini za kutafuta zitakuwa dakika moja.


Mwalimu_Maseno, 25/9/2025, saa 1:44 asubuhi

Binti amesema yote. Naongeza moja, na hili si la mzaha. Kama ndani ya sanduku kuna kioo kidogo cheusi kimeandikwa ni cha kutazamia jua, kivunje leo, ukitupe. Kinafungwa mahali ambapo joto lote la jua limekusanywa, kinaweza kupasuka jicho likiwa hapohapo. Jicho halina maumivu ya kukuonya. Unajua umeungua baadaye, unapoona doa jeusi katikati ya kila uso.

Mnakumbuka 15 Januari 2010, jua lilipokuwa pete? Ilikuwa asubuhi, saa mbili na kitu. Watu walitoka na filamu za eksirei za hospitali, wengine na vioo vya kufusha moshi wa koroboi. Mimi niliwapanga wanafunzi chini ya mwembe na kuwaambia wageuzie jua mgongo. Kila upenyo kati ya majani ulikuwa umechora jua lake mchangani. Mamia ya pete za nuru zikitikisika upepo ukivuma, kwenye mashati, kwenye viatu, kwenye kichwa changu chenye upara. Hakuna aliyeharibu jicho.


BabaAchi, 25/9/2025, saa 7:15 mchana

Kioo cheusi kilikuwepo. Nimekiponda kwa nyundo ya dukani.


JaNam (Usenge), 25/9/2025, saa 10:40 jioni

Omera, mimi sina darubini lakini niko na usiku. Navua omena.

Sisi adui yetu ni mwezi. Ukiwa mkubwa, omena hawaji kwa taa, taa inamezwa na ule mwanga. Siku hizo tunakaa nyumbani kushona nyavu. Tunaingia giza likiwa giza. Kwa hivyo huo usiku wenu mzuri ndio usiku wetu wa kazi, kalenda ni moja.

Zamani ilikuwa karabai, ile ya kupiga pampu, inavuma, mwanga wake wa manjano. Siku hizi ni taa za sola, nyeupe kali. Ukisimama ufuoni saa tano usiku unaweza kudhani Kisumu imehamia majini. Hizo nyota za chini zinafuta za juu. Lakini kuna ile nusu saa tunapiga kasia kabla hatujawasha. Hapo ndipo mbingu iko. Ukitumbukiza kasia unaona kama unavunja nyota.

Swali langu. Usiku mmoja tuliona taa nyingi zimefuatana mstari mmoja, kama gari moshi, hazina sauti, zinapanda kutoka magharibi. Mzee mmoja kwenye mtumbwi akaanza kuomba. Zilikuwa nini?


BintiMenengai, 25/9/2025, saa 11:02 jioni

Hizo ni setilaiti za intaneti za Starlink, JaNam. Zinarushwa kwa mafungu, roketi moja inabeba kadhaa, na siku za kwanza zinakwenda zimefuatana kabla hazijatawanyika na kupanda juu zaidi. Nyinyi mko gizani, lakini juu huko bado zinapigwa na jua, ndiyo maana zinang'aa. Kituo cha Kimataifa cha Anga nacho huonekana hivyohivyo baada ya magharibi au kabla ya alfajiri: taa moja kali, haipepesi, inavuka mbingu kwa dakika chache. Kiko kilomita 400 hivi juu na kinaizunguka dunia kila dakika 90. Ndani yake kuna watu wanakula chakula cha jioni.

Mwambie mzee kuomba si vibaya.


Kondele_Ndani, 25/9/2025, saa 1:20 usiku

Na vikishuka je? Si Desemba mwaka jana chuma kilianguka kijiji cha Mukuku kule Makueni, kikubwa kama gurudumu la trekta? Watu hawana unga, nyinyi mnashangilia vyuma vya wazungu vinavyotuangukia. Hii falaki itajaza sufuria ya nani?


BintiMenengai, 25/9/2025, saa 2:10 usiku

Kile cha Mukuku kilianguka 30 Desemba 2024. Pete ya chuma ya mita 2.5 kwa upana, uzito kilo 500 hivi. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, ambayo ilitakiwa kuungua njiani au kuanguka baharini. Hapo una haki ya kulalamika na nalalamika pamoja nawe.

Lakini "vyuma vya wazungu" hapo nakukatalia. Keti nikuambie.

Tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, miaka saba tangu tupate uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo, na wenzake wakaipa jina kwa heshima ya siku na ya nchi: Uhuru. Ndilo jina lake hadi leo katika vitabu vyote vya falaki duniani, limeandikwa kwa Kiswahili. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa mahsusi kutazama mbingu kwa eksirei. Ikachora ramani ya vyanzo 339 vya eksirei, na ikasaidia kuonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 kina tabia za shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002.

Kwa nini Malindi? Kwa sababu ya ikweta. Dunia inajizungusha mara moja kwa siku, na huku katikati ndiko mzingo ni mrefu zaidi, kilomita 40,075. Maana yake hapo ulipokaa Kondele unasafiri kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na chai haimwagiki. Roketi ikirushwa upande huo inapewa msukumo wa bure.

Na kuhusu sufuria, Taifa-1, setilaiti yetu iliyorushwa 15 Aprili 2023 kutoka California, kazi yake ni kupiga picha mashamba na mafuriko. Wewe wa Kondele unajua Kano ikifurika inakuwaje.


Kondele_Ndani, 25/9/2025, saa 2:31 usiku

Hiyo ya Uhuru sikuijua. Shuleni tulifunzwa reli tu.


MwanaMvita (Kisumu, mzaliwa wa Mombasa), 26/9/2025, saa 4:15 asubuhi

Asalaam aleikum wanangu. Nimeolewa Kisumu miaka thelathini na mitatu sasa, lakini nyota zangu ni za pwani.

Marehemu babu yangu alikuwa nahodha. Hakuwa na darubini wala simu, alikuwa na Kilimia. Kile kishada cha nyota ndogo sita zimekumbatiana, ukizitazama sana macho yanaona ukungu. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Wazee wakisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi wa tano hukioni, kimefuatana na jua. Mwezi wa sita kinarudi alfajiri upande wa mashariki, na msimu umegeuka. Babu akikiona hicho hahitaji redio.

Nawauliza watoto wangu, waliozaliwa hapa, Kilimia ni kipi? Wananionyesha simu.

Jambo la pili. Huu mwezi mchanga aliouona BabaAchi juzi, umelala chali kama mtumbwi, sivyo? Mwanangu aliye Uingereza ananiambia wa huko umesimama wima kama mundu umetundikwa ukutani. Nilidhani ananitania.


Mwalimu_Maseno, 26/9/2025, saa 5:00 asubuhi

Aleikum salaam mama. Hakutanii. Hapa ikweta jua na mwezi vinashuka wima kama ndoo kisimani, kwa hiyo jua linauangaza mwezi kutoka chini yake, na pembe zinaangalia juu. Uingereza vinashuka kwa kuteleza kiubavu, ndiyo maana mundu unasimama. Hata jioni yetu ni fupi kwa sababu hiyohiyo.

Juzi tarehe 22, siku ya usawa wa mchana na usiku, niliweka chupa ya soda wima uani kwangu. Saa sita na dakika 34 mchana, jua lilikuwa utosini kabisa, chupa ikakosa kivuli. Mbuzi alisimama juu ya kivuli chake mwenyewe. Msishangae ile dakika 34: saa zetu zimepangwa kwa jua la mbali mashariki kuliko sisi, kwa hiyo adhuhuri ya Maseno huchelewa.

Na Kilimia chako mama, kiko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi. Nuru utakayoiona usiku huu iliondoka kule kabla Wareno hawajaweka jiwe la kwanza la Fort Jesus mwaka 1593.


MwanaMvita, 26/9/2025, saa 5:12 asubuhi

Subhanallah. Iliondoka kabla yao na imefika baada yao.

Mwalimu, nimesikia kuna chombo kimepelekwa nje kabisa, kimebeba salamu za lugha zote. Kiswahili kimo?


BintiMenengai, 26/9/2025, saa 7:40 mchana

Nitajibu mimi kwa uchungu, bibi. Ni Voyager mbili, zilirushwa 1977, kila moja ina sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55. Kiswahili hakimo. Kiganda kimo, hao majirani wa ng'ambo ya ziwa wamewasalimu viumbe wa huko na kuwatakia amani. Kinyanja kimo. Hata Kisumeri, ambacho hakuna mama anayemwimbia mtoto, kimo. Voyager 1 iko kama kilomita bilioni 25 sasa, haikimbiliki tena na salamu zetu.


Kondele_Ndani, 26/9/2025, saa 7:58 mchana

Tumepitwa na Waganda hadi huko?


JaNam, 9/12/2025, saa 3:30 asubuhi

Naufufua uzi. Usiku wa kuamkia leo tukiwa majini nimeona vimondo tisa, vingine virefu. Kuna nini?


Mwalimu_Maseno, 9/12/2025, saa 4:00 asubuhi

Umetangulia sherehe, JaNam. Kilele ni usiku wa Jumamosi tarehe 13 kuamkia Jumapili. Kila mwaka mwezi huu dunia inapita katikati ya vumbi lililoachwa na mwamba mmoja uitwao Phaethon. Punje ndogo kama za mchanga zinaingia hewani kwa kasi na kuwaka. Zinaonekana kama zinatoka upande wa nyota za Mapacha, na mwaka huu sayari ya Mshtarii (Jupita) imekaa hapohapo kwa Mapacha, kwa hiyo hata asiyejua nyota hatapotea: tafuta taa kali kuliko zote upande wa mashariki baada ya saa nne usiku. Mwezi umekonda na utachelewa, hadi saa nane hivi.

Wanaoweza waje kwangu Maseno. Uani ni peupe, taa nitazima, chai itakuwepo. Njooni na familia zenu, mikeka na leso nzito. Nilifikiria ufuo wa Dunga lakini usiku viboko hutoka kula majani, na kiboko hajali falaki. Radi ikianza kumulika upande wa ziwa, stendi za chuma zinaingia ndani na sisi tunaingia nazo.


BabaAchi, 14/12/2025, saa 9:20 alasiri

Nimeamka sasa hivi. Naandika kabla sijasahau.

Tulifika kwa mwalimu saa moja usiku, mimi, mama Achi na mtoto. MwanaMvita alikuja na wajukuu wawili na mahamri. Kondele_Ndani pia alikuja, msishtuke, na ndiye aliyekunywa chai nyingi kuliko wote. Zohali ilikuwa bado juu, Achieng akaitafuta mwenyewe kwa lenzi ya 20 na kuwaita wajukuu wa bibi: "Njooni muone sindano." Amekuwa akiichora kwenye daftari tangu Septemba, tarehe na saa pembeni. Michoro kumi na mmoja, yote inafanana.

Saa tatu mawingu yakaja kutoka upande wa Nandi, yakafunika kila kitu. Tukakaa. Kondele_Ndani akasema alijua tu. Saa tano na nusu upepo ukageuka, pakafunguka kwanza kama dirisha, halafu mbingu yote. Sijawahi kuona nyota hivyo, na nimezaliwa huku.

Sasa sikieni alichofanya mwalimu. Alikuwa amefunga jiwe kwenye uzi mrefu, uzi umening'inia kutoka tawi la mparachichi. Saa saba kasoro robo akatuita mmoja mmoja, ukalala chali kichwa kikiwa karibu na jiwe, ukautazama uzi kwenda juu. Zile nyota tatu za mkanda wa Jabari (kundi la nyota la Orion) zilikuwa mwishoni mwa uzi, pale pale, na ile ya upande wa kaskazini imekaa kwenye uzi kabisa. Mwalimu akasema nyota hiyo inapita karibu juu ya mstari wa ikweta, na sisi tumelala juu ya mstari huohuo, kwa hiyo inachomoza mashariki sawasawa na kuzama magharibi sawasawa, mwaka hadi mwaka. Achieng hakutaka kuondoka chini ya uzi. Alikaa hapo hadi nyota ikausogea uzi na kuupita, ilichukua muda kidogo tu, akasema, "Baba, ni sisi tunasonga."

Vimondo tulihesabu 47 hadi saa nane. Kimoja kilikuwa cha kijani, kikaacha mkia wa moshi uliobaki kidogo. Wajukuu wa bibi walihesabu 60 lakini nashuku walikuwa wanahesabu vimulimuli. Mshtarii kwa lenzi ya 12.5 ilionyesha mikanda miwili na miezi yake imejipanga mstari. Ile ya 4 imebaki nyumbani, Achieng ameifungia kamba anavaa shingoni.

Muuzaji nilipita kwake wiki jana. Nilimsaidia kulenga kijidarubini kwenye moja aliyoiweka dirishani, maana yeye hajawahi kuona kitu nayo. Namba ya 525 bado iko kwenye sanduku.


JaNam, 14/12/2025, saa 10:05 jioni

Sisi tulikuwa majini. Tulichelewa kuwasha taa makusudi, yule mzee ndiye aliyeomba tusiwashe kwanza. Sikuhesabu. Omena walikuwa kidogo.


MwanaMvita, 14/12/2025, saa 11:30 jioni

Kilimia nimewaonyesha wajukuu wote wawili. Mmoja ameona nyota sita, mmoja anaapa ni nane. Miguu yangu bado ina baridi ya Maseno.


Mwalimu_Maseno, 14/12/2025, saa 12:45 jioni

Kuna leso ya kijani imebaki kwenye mparachichi, ina maneno pembeni lakini umande umeilowesha. Na nani amebeba sufuria yangu ndogo ya chai?


Kondele_Ndani, 14/12/2025, saa 12:51 jioni

Sufuria iko kwangu mwalimu. Nitairudisha Januari, usiku usio na mwezi.